Nimefanya mtihani wa mkanda mweusi wa karate, sikukosea kata (mfululizo wa hatua zilizopangwa) hata moja, nimeambiwa "rudi baada ya miezi sita". Nisaidieni kuelewa

#1 Kahawia_Sugu
Wakuu, habari za jioni.

Nafanya Goju-ryu, mtindo mmoja wa karate, hapa Dar, mwaka wa saba huu. Mkanda wa kahawia nimeuvaa miaka miwili na ushee, umeshaanza kutoa nyuzi pembeni. Jumamosi iliyopita tulikuwa wanne tunapimwa kwa shodan, yaani mkanda mweusi wa kwanza. Tumeanza saa mbili asubuhi, tumemaliza saa saba kasoro. Kihon, mazoezi ya msingi, mpaka sakafu ikalowa jasho, ikabidi ipigwe deki. Halafu kata zenyewe: Sanchin, Gekisai zote mbili, Saifa, Seiyunchin. Halafu bunkai, matumizi ya kata, na mwenzako. Halafu kumite, kupambana, raundi tano, kila raundi anaingia mtu mpya ambaye kifua chake kimetulia tuli.

Sikusahau hatua hata moja. Nilipigwa mbavu nikaendelea. Mwisho tukapanga mstari tukakaa seiza, kwa magoti, yakasomwa majina matatu. Langu halimo. Sensei, mwalimu wetu, akaniambia "rudi baada ya miezi sita", akaenda zake kunywa maji. Hakuna karatasi, hakuna alama, hakuna maelezo.

Jamaa aliyekuwa kulia kwangu alisahau Saifa katikati, akasimama, akaanza upya. Yeye kapita!

Msiniambie nina wivu, huo upo na naujua. Ninachouliza: watahini wanaangalia nini ambacho mimi sikioni?

#2 Chapati_Mbili
Pole mkuu. Miaka saba? Mimi ningeshahamia kwenye drafti, huko ukishinda unajua umeshinda.

#3 MpendaTeke
Jibu ni mateke. Watu wa Goju mateke yenu yako chini chini kama mnatafuta sarafu. Bila shaka kwenye Seiyunchin ulipiga teke la kivivu, mtahini akakuandika.

#4 Dada_wa_Sanchin
@MpendaTeke Seiyunchin haina teke. Hata moja. Hebu kaa chini kwanza.

#5 MpendaTeke
Basi ndiyo tatizo lenyewe, haina teke 😂

#6 Bassai_wa_Nai
Salamu kutoka Nairobi. Mimi ni wa Shotokan, mtindo mwingine wa karate, na shodan nimeipata mara ya tatu, kwa hiyo kwenye hii mada nina digrii.

Kwetu unaitwa unafanya kihon, kisha kata. Wengi huchukua Bassai Dai kwa sababu inasamehe kidogo. Kisha jiyu ippon: mwenzako anakutangazia kabisa anakuja na nini, "jodan" (ngumi ya usoni), "chudan" (ya mwilini), "mae geri" (teke la mbele), halafu anakuja kweli. Unajua linalokuja na bado unapigwa.

Mara ya kwanza nilianguka kwa kitu ambacho sikuamini. Nilimaliza kata vizuri, nikatoa kiai (ukelele) cha mwisho, nikarudi kwenye yoi (kusimama tayari), halafu nikavuta gi yangu (sare) kuiweka sawa. Vile tu, kwa mkono mmoja. Mtahini akaniambia, "Ulikufa kabla vita haijaisha." Wenyewe wanaita zanshin. Kata haiishi pale unapomaliza kupiga, inaendelea mpaka umeinamisha kichwa na kurudi nyuma. Jiulize wewe ulifanya nini katika zile sekunde tatu za mwisho.

#7 Fundi_Redio
Tusizunguke mbuyu. Hela. Miezi sita maana yake ada nyingine ya mtihani. Hapo kuna biashara.

#8 Kahawia_Sugu
@Fundi_Redio hapana mkuu, kwetu ukirudia hulipi upya. Nililipa mara moja. Hapo siwezi kumsingizia.

@Bassai_wa_Nai umenitia wasiwasi. Dada yangu alirekodi Seiyunchin kwa simu. Nitaangalia mwisho wake.

#9 Fundi_Redio
Sawa, kwenu hulipi. Mimi nilikotoka tulikuwa tunalipa hata cheti kikichelewa. Mkanda wa njano elfu ishirini, wa chungwa elfu thelathini, ukifika kahawia unaulizwa kama una kiwanja. Nikaacha. Sitaji jina, ila waliokuwepo wanajua.

#10 Mzee_wa_Upanga
Vijana, someni historia kidogo kabla hamjalana.

Huo mkanda mnaougombania haukuzaliwa kwenye karate. Ni wa judo. Jigoro Kano, mwanzilishi wa judo, ndiye aliyeanza kutoa dan (daraja za mkanda mweusi), mwaka 1883, na mkanda mweusi ukafuata miaka hiyo hiyo ya 1880. Karate wakati huo ilikuwa Okinawa, visiwa vya kusini mwa Japani, watu wanafanya uani kwa mwalimu, na nguo za kazi. Funakoshi, mwalimu wa karate wa huko, alipoipeleka Tokyo mwaka 1922 ndipo akakutana na Kano, na mwaka 1924 akatoa dan za kwanza kwa wanafunzi wake. Yaani mkanda mweusi wa karate una miaka mia moja tu na kidogo. Na Chojun Miyagi, mwenye Goju-ryu yako wewe mleta mada, amekufa 1953 bila kumpa mwanafunzi wake hata mmoja dan.

Sisi tulioanza miaka ya 70 hapa mjini, wakati Bomani, yule Mmarekani mweusi, anafundisha pale Zanaki, tulikuwa tunagombea nafasi ya kusimama mstari wa mbele. Mkanda ulikuwa wa kushikilia suruali.

#11 Chapati_Mbili
Shikamoo mzee. Huu uzi sasa umepata baba.

#12 Kijana_wa_Makumbusho
Shikamoo mzee. Mimi nimesikia mkanda ulikuwa mweupe halafu unachafuka kwa jasho na vumbi miaka mingi mpaka unakuwa mweusi, ndiyo asili yake. Kwa hiyo haufai kufuliwa.

#13 Mzee_wa_Upanga
Marahaba. Hiyo hadithi ni tamu lakini haina kichwa wala miguu. Kano aliamua tu: walio na dan wavae nyeusi. Na rangi za katikati, njano, chungwa, kijani, zimeenea baada ya Kawaishi kufundisha judo Paris miaka ya 1930. Wazungu wanapenda kuona wamefika wapi. Na sisi pia, tusijisingizie.

Mkanda wako ufue. Unanuka.

#14 Dada_wa_Sanchin
Nimecheka kwa sauti hapa kazini.

Mleta mada, narudi kwako. Mimi ni shodan wa Goju, nilipimwa mtoto wangu akiwa na miezi mitano. Nakuambia nilichoambiwa: mtihani wako umeamuliwa kwenye Sanchin, na hayo mengine yote yalikuwa ya kuthibitisha tu.

Watu hudhani kwenye Sanchin mtahini anaangalia misuli. Anakuja nyuma yako, anakupiga mabega kwa viganja, pah, anakupiga mapaja, anasukuma kiuno, na wote mnakaza meno. Kumbe yeye anasikiliza. Pumzi ikikatika pale anapokupiga, imekatika. Pumzi ikipanda kifuani, anaisikia. Mimi siku ile nilikuwa na maziwa, gi imelowa mbele, nimekufa kwa aibu, nikasema acha, nikabaki na kupumua tu kwa sababu sikuwa na nguvu ya kingine. Senpai wangu, mwenzangu aliyenitangulia, aliniambia baadaye ndiyo Sanchin ya kwanza nzuri aliyoniona nayo. Niliyofanya miaka yote kabla ya hapo ilikuwa ya kukunja uso.

Kwa hiyo swali: alipokupiga mabega, ulishtuka?

#15 Kahawia_Sugu
Dada yangu, hongera sana.

Bega la kushoto nilishtuka. Kidogo. La kulia hapana.

#16 MpendaTeke
Imekwisha hiyo. Bega la kushoto. Kesi imefungwa.

#17 Dada_wa_Sanchin
@MpendaTeke wewe nenda kapige teke lako la Seiyunchin.

#18 Oyama_wa_Mwanza
Kwetu Kyokushin, karate ya kupigana mwili kwa mwili, hakuna siri hizi za pumzi na kusikilizana. Nilisimama kati, wakaingia watu kumi mmoja mmoja. Ngumi za kichwani haziruhusiwi ila mwilini na mateke yote ruksa. Wa saba alinivunjia pumzi kwa goti, nikakaa chini sekunde kama nne, nikainuka. Kumi walipoisha nilikuwa nimesimama. Basi, mweusi. Sosai Oyama mwenyewe, mwanzilishi wetu, inasimuliwa alipigana na watu mia, ndiyo kipimo chetu.

Wengine mnapimwa kama mnaenda kuimba kwaya.

#19 Bassai_wa_Nai
@Oyama_wa_Mwanza heshima yako boss, lakini kusimama hata mlingoti unasimama.

#20 Oyama_wa_Mwanza
Njoo Mwanza uupige huo mlingoti.

#21 Mama_Kulwa
Samahani naingilia. Mwanangu ana miaka tisa, amepewa mkanda mweusi mwezi uliopita baada ya miaka mitatu. Baba yake amefurahi amechinja kuku wawili. Mimi nasoma hapa watu wazima miaka saba wanarudishwa. Je, tumepigwa?

#22 Dada_wa_Sanchin
Mama Kulwa, usiwe na hofu ila uliza. Dojo (kumbi za mazoezi) nyingi zina mkanda mweusi wa watoto, pengine una mstari mweupe katikati au wanauita shodan-ho. Akifika miaka kumi na sita hivi anapimwa tena kama mtu mzima. Kama wamekuambia huo ndiyo mweusi kamili, sawa na wa mtu wa miaka ishirini na tano, hapo kaa nao kitako.

#23 Fundi_Redio
Mlilipa shilingi ngapi?

#24 Mama_Kulwa
Kuku wawili na nyingine sisemi.

#25 Pemba_Kwetu
Asalaam alaykum. Mleta mada, kuna jambo hakuna aliyeligusa. Mnapoanza na kumaliza mnainamia ile picha ya ukutani ama hamuinami? Mimi niliacha dojo moja kwa hilo. Nilisema kumuinamia mtu kwa heshima ya mlango na salamu sawa, lakini kuweka paji la uso chini mbele ya picha, hapana wallahi. Niliambiwa "hakuna tatizo", na mtihani uliofuata nikawekwa kando bila sababu. Miezi sita vilevile. Nimeisoma stori yako nikajiona.

#26 Kahawia_Sugu
Waalaykum salaam shekhe. Mimi ni Muislamu pia. Kwetu tumeshaongea na sensei tangu siku ya kwanza, wale Waislamu tunabaki seiza, tunashusha kichwa kidogo, hatugusi sakafu. Wawili kati ya waliopita ni Waislamu. Kwa hiyo sidhani.

Ila... siku ya mtihani alikuwepo mtahini mgeni, sensei mkubwa kutoka nje ya mkoa. Yeye sijui alielewa vipi.

#27 Pemba_Kwetu
Umeona? Haya. Mimi sijasema kitu.

#28 Mzee_wa_Upanga
@Pemba_Kwetu mwanangu, ile ni adabu ya Kijapani ya nyumbani, hata mama mkwe wanamuinamia hivyo, hawamwabudu. Lakini nakubali kwamba mwalimu anapaswa kulimaliza hilo siku ya kwanza, mbele ya wote, si mtu akae na dukuduku miaka. Sisi enzi zetu tulikuwa mchanganyiko, Waislamu, Wakristo, Wahindi wawili watatu, na lilizungumzwa likaisha.

#29 Pemba_Kwetu
Mama mkwe wangu nikimuinamia hivyo atadhani nimedondosha kitu. Lakini nimekuelewa mzee.

#30 Kahawia_Sugu
Jamani nimeangalia video. Nimeiangalia mara kumi na tano, mke wangu amenihamishia sebuleni.

Mwisho wa kata niko sawa, sikugusa gi. @Bassai_wa_Nai hilo tulifute.

Nilichokiona ni kingine. Seiyunchin inaanza na hatua tatu za shiko dachi (mkao mpana wa chini) za pembe, wanaoijua wanajua: unashuka, mikono inapanda taratibu, inafunguka, inashika, inachoma. Nyuma yangu ukutani kuna mstari wa rangi, chini bluu juu nyeupe, kama kuta za shule. Hatua ya kwanza kichwa changu kiko chini ya mstari. Nikihamia ya pili kichwa kinapanda juu ya mstari, halafu kinashuka. Ya tatu vilevile. Nimesimamisha picha kwa picha. Napanda kama kiganja kizima. Miaka saba nafanya hiyo kata, hakuna siku niliyohisi kama napanda.

Na jamaa aliyesahau Saifa anaonekana kwenye kona ya video akijipasha. Kichwa chake kimenyooka kama anasukuma toroli.

#31 Senpai_Ukimya
Nimekuwa nasoma tu. Hiyo ya kichwa kupanda ni nyonga. Unasukuma kwa mguu wa nyuma kabla goti la mbele halijafunguka, kwa hiyo mwili unatafuta njia ya kupita na njia ni juu. Ukimshika mtu kwenye ile kata ukapanda hivyo, umempa mizizi yako, anakung'oa. Kwa sababu Seiyunchin ni kuvuta na kuvunja usawa wa mtu. Ndiyo maana haina teke, miguu yote miwili ina kazi ardhini.

Mazoezi: mtu akushikie fimbo ya fagio juu ya kichwa, vidole viwili, utembee shiko dachi chumba kizima bila kuigusa. Wiki ya kwanza utaichukia familia yako.

Lakini kwa hilo peke yake sijawahi kuona mtu akirudishwa shodan. Shodan maana yake hatua ya kwanza, herufi ile "sho" ni ya kuanza. Hawategemei uwe umekamilika. Kuna kitu kingine hujatuambia.

#32 MpendaTeke
Umesikia mleta mada? Miguu yote ina kazi ardhini. Mimi najifunza humu.

#33 Chapati_Mbili
"Kuna kitu kingine hujatuambia." Nimevuta kiti. Nani ana karanga?

#34 Kahawia_Sugu
@Senpai_Ukimya unanitakia nini bwana.

Haya. Raundi ya nne ya kumite. Nimesema nilipigwa mbavu. Aliyenipiga ni kijana wa miaka ishirini, ameingia akiwa hajachoka, akanichapa mawashi geri, teke la kuzungusha, mbavu za kulia kwa nguvu zaidi ya ilivyopaswa. Nikaona giza kidogo. Nikarudisha gyaku zuki, ngumi ya mkono wa nyuma. Ikatua mdomoni. Damu ikatoka, si nyingi, mdomo tu umepasuka. Nilimuinamia nikamuomba radhi, tukaendelea mpaka raundi ikaisha. Hakuna aliyesema kitu. Ndiyo maana sikuandika, nilidhani halina uzito.

#35 Bassai_wa_Nai
Halina uzito!!! Posti thelathini na nne tunajadili bega la kushoto na rangi ya ukuta!

#36 Dada_wa_Sanchin
Kaka. Kaka yangu. Kweli?

#37 Oyama_wa_Mwanza
Sasa hapa naanza kumpenda.

#38 Mama_Kulwa
Huyo kijana mama yake anajua?

#39 Fundi_Redio
Narudi kwenye haki. Yule kijana kapiga kwa nguvu kupita kiasi kwanza. Huyo aliambiwa nini? Kwa nini aliyerudisha ndiye anayeadhibiwa? Ni kama mpira, refa anamuona wa pili tu.

#40 Senpai_Ukimya
@Fundi_Redio kijana hakuwa anapimwa.

Mleta mada, nimekaa upande wa pili wa ile meza mara kadhaa kama msaidizi. Raundi za kumite mwishoni zinawekwa mtu akiwa amekwisha kwa makusudi. Kila mmoja anajua utapigwa, hivyo kupigwa kwenyewe hakuandikwi. Kinachotafutwa ni mkono wako unafanya nini kabla kichwa hakijauruhusu. Ngumi yako ya mdomoni, ulipokuwa unaituma ulijua inaenda wapi?

#41 Kahawia_Sugu
Nikisema nilijua ni vibaya, nikisema sikujua ni vibaya zaidi.

#42 Mzee_wa_Upanga
Hapo umejibu kama mtu mzima.

Lakini mimi sikubaliani na Senpai moja kwa moja. Nimeona watu wakipasua midomo ya wenzao kwenye mtihani na wakapita, tena mbele ya Wajapani. Ajali zinatokea. Nilimuona pia mmoja akirudishwa kwa kuwa alipomuumiza mwenzake aliganda, akasahau kujilinda, akawa anamtazama mdomo huku raundi inaendelea. Unasema ulimuinamia ukaomba radhi. Mtahini alikuwa amesimamisha pambano?

#43 Kahawia_Sugu
Hapana mzee. Niliinama mwenyewe katikati ya raundi.

#44 Bassai_wa_Nai
Ulikufa kabla vita haijaisha! Si nilisema posti ya 6? Nilisema!

#45 Pemba_Kwetu
Kwa hiyo kuinama kumemponza vyovyote vile. Sawa, na mimi nilisema.

#46 Chapati_Mbili
Huu uzi kila mtu amepatia na mleta mada bado ni kahawia.

#47 Dada_wa_Sanchin
Naomba kuuliza la wazi: umemuuliza sensei mwenyewe? Maana sisi humu tunapiga ramli.

#48 Kijana_wa_Makumbusho
Si inaruhusiwa kumuuliza? Kwetu ukiuliza unaambiwa piga push-up hamsini kwanza.

#49 MpendaTeke
Wakati mnasubiri, kwa nini karate haipo Olimpiki? Ilikuwepo halafu ikapotea.

#50 Bassai_wa_Nai
Ilikuwepo Tokyo tu, ile ya 2020 iliyofanyika 2021 kwa ajili ya korona. Dhahabu ya kata wanaume ilichukuliwa na Ryo Kiyuna, mtoto wa Okinawa mwenyewe. Paris 2024 wakaitoa. Tafuta kata zake uangalie kichwa, @Kahawia_Sugu. Hakipandi.

#51 Oyama_wa_Mwanza
Na fainali ya kumite ya wazito, Msaudi alimpiga Muirani teke la kichwa likamlaza, halafu aliyelala ndiye akapewa dhahabu kwa sababu mpigaji alikosa kujizuia. Mnaona karate yenu? Unapiga, unashinda, unanyang'anywa.

#52 Senpai_Ukimya
@Oyama_wa_Mwanza umeleta mfano mzuri kuliko ulivyokusudia. Tareg Hamedi, huyo Msaudi, alikuwa anaongoza 4-1. Akapiga teke lile, Ganjzadeh, yule Muirani, akatolewa kwa machela, akaamka akaambiwa ameshinda. Mpaka leo watu wanagombana. Wapo wanaosema kanuni ni kanuni, wapo wanaosema ni uonevu wa wazi. Kama dunia nzima haijakubaliana kuhusu teke lile, mleta mada na mdomo wa kijana mmoja atapataje jibu humu?

#53 Fundi_Redio
Mimi niko upande wa Msaudi.

#54 Oyama_wa_Mwanza
Kwa mara ya kwanza tumekubaliana.

#55 Kahawia_Sugu
Wakuu nimerudi. Jana mazoezi yalipoisha nilibaki kupiga deki, nikamfuata sensei. Nikamwambia, "Sensei, naomba kujua nirekebishe nini." Alikuwa anakunja gi yake, ana namna yake ya kuikunja, mikono ndani, suruali ndani, mkanda unafungwa juu kama kifurushi cha posta. Akamaliza kukunja kwanza. Akaniuliza, "Wewe unaonaje?"

Nikamtajia yote. Bega, kichwa kupanda kwenye Seiyunchin, mdomo wa kijana, kuinama katikati. Akawa anatikisa kichwa tu, hata sijui ni kwa kukubali au kushangaa. Halafu akasema, "Hilo la bega sikuliona." Akachukua begi akaondoka.

#56 Chapati_Mbili
HILO LA BEGA SIKULIONA 😂😂😂 nimekufa

#57 Dada_wa_Sanchin
Basi yale mengine aliyaona!

#58 Bassai_wa_Nai
Ama hakuona lolote na sasa umemwandikia orodha.

#59 Mzee_wa_Upanga
Huyo ni mwalimu wa zamani. Mimi namfahamu, sijui ni nani lakini namfahamu.

#60 Fundi_Redio
Mwalimu wa zamani au hataki kujibu? Mtu katoa jasho saa tano, anastahili hata sentensi mbili. Mkisifia kila ukimya mtafundishwa na ukuta.

#61 Dada_wa_Sanchin
Kwa hilo nakubaliana na Fundi. Wa kwangu aliniandikia mistari sita kwa mkono, bado ninayo ndani ya cheti. Kuna njia nyingi za kufundisha na kunyamaza ndiyo rahisi kuliko zote.

#62 Mama_Kulwa
Nimeuliza kule kwa mwanangu. Wamesema ni wa watoto, akifika kumi na sita atapimwa tena. Ahsanteni. Baba yake sijamwambia.

#63 Pemba_Kwetu
Usimwambie. Kuku wameshaliwa.

#64 Kahawia_Sugu
Fimbo ya fagio nimeanza, siku ya tatu leo. Mke wangu ndiye anashika. Amenipiga nayo kichwani mara sijui ngapi na naona anafurahia.

Halafu kijana wa mdomo alinifuata mwenyewe, kasema tufanye mazoezi pamoja Alhamisi, ana mashindano. Sijamjibu bado.

#65 MpendaTeke
Mwambie ndiyo, ila vaa kikinga meno. Hivi gi nzito zile za kutoa sauti zinapatikana wapi Kariakoo? Nilizoziona zote nyepesi kama shuka la hospitali.

#66 Oyama_wa_Mwanza
Peleka kitambaa kwa fundi akushonee. Nunua turubai laini la pamba, loweka usiku mzima kabla hajakata, la sivyo likifuliwa mara ya kwanza suruali inakuwa ya mwanao.

#67 Kijana_wa_Makumbusho
Mita ngapi kwa mtu wa futi sita?

#68 Oyama_wa_Mwanza
Njoo inbox.